Uzio wa Kidete

Ninyi mlioajiriwa kitaluni mwaka huu, na mtakaokuja baada yenu, kamwene. Kabla hamjaanza kusoma, hakikisheni miche imekunywa maji, maana miche haingoji mtu amalize ukurasa. Mimi nimeacha kazi juzi tu. Asubuhi bado naamka, nafunga kanga kiunoni, nafika mpaka mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna ninakokwenda.

Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yana watu wake. Nilisoma madarasa mawili, mengine nikayapata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iacheni ilale. Ninaandika kwa sababu moja. Kila mgeni akija mnampeleka Kidete kumwonyesha chemchemi, na nimewasikia mnavyomwambia: "Hapa palikuwa pamekufa, mradi ukaweka uzio, bonde likapona." Si kweli. Uzio huo niliulinda mimi mwenyewe, kwa fimbo, na ulikaribia kuliua bonde mara ya pili.

Kidete niliyoijua nikiwa msichana hamkuiona, na mimi sitaiona tena. Maji yalitoka chini ya mivengi, ile mizambarau ya porini inayopenda kusimama miguu ikiwa majini, na uliyasikia kabla hujayaona. Msimu wa matunda tulirudi nyumbani na ndimi za zambarau na ndoo nusu, tukachapwa kwa vyote viwili. Palikuwa na ndege mwenye mabawa mekundu aliyekohoa kule juu kama mzee anayebisha hodi kwenye nyumba yenye wakwe. Mama zetu walikata matete ya mikeka palepale, wakafyeka njia, wakazoa majani yaliyoziba maji. Hakuna aliyeiita hiyo kazi. Ilikuwa ni kuchota maji tu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, na malori ya Makambako yakaanza kupanda mpaka kwetu kutafuta viazi kwa yeyote mwenye gunia. Zamani vinyungu vyetu, hizi bustani za bondeni za kiangazi, vilikuwa vya mboga na mahindi mabichi ya watoto. Sasa kila mtu akasogeza jembe hatua moja kuelekea kwenye maji, na mwaka uliofuata hatua nyingine. Mivengi ikakatwa ili jua livifikie viazi. Palipobaki wazi pakapandwa milingoti, ile miti ya nguzo inayonuka kama dawa ya mafua, ambayo hunywa maji mchana na usiku bila kusema asante. Siwasemi majirani peke yao. Mzee wangu, Baba Festo, alipanda safu tatu, na mimi nilimshikia kamba zinyooke. Haikupita miaka mingi Kidete ikanyamaza. Tukawa tunakwangua tope kwa kikombe.

Ndipo niliposikia kuna kitalu kinachotaka vibarua wa kuotesha miti ya asili ya kurudishwa kwenye vyanzo vya maji. Nikaenda kuomba kazi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Aloisi, fundi wa miche, mtu mfupi kutoka Makete aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Akanipa kopo lenye matundu. Nikamwagilia kama ninavyomwagilia kabichi zangu.

"Mama," akasema, "unainywesha au unafukuza kuku?"

"Namwagilia."

"Umeifukua. Tazama mizizi inavyokuchungulia. Inua mkono, maji yashuke yakiwa yamechoka."

Nilikuwa mama wa watoto wanne, na sikuona la kufundishwa kuhusu kumwaga maji. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikainua mkono. Mpaka leo nikimwona mtu anamwagilia akiwa ameinama, mkono wangu unanyanyuka wenyewe.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuja msimu uleule. Mzee Aloisi aliitwa msibani kwao, akaniachia kazi moja: nishuke kwenye korongo ambako mivengi michache ilikuwa imesalia, niokote matunda, nimngoje. Nikaokota kikapu kizima. Lakini mimi ni mkulima, na mkulima akiona mbegu mkononi anajua la kufanya. Nikaziosha, nikazianika kwenye mkeka, kisha nikazipandisha juu ya kichanja, juu ya moto wa jikoni, pale ninapohifadhi mbegu za mahindi ili moshi ufukuze bungua. Hata majivu nikazipaka. Nilijiona nimefanya kazi ya fundi.

Mzee Aloisi akarudi baada ya wiki. Nikamletea kwa mikono miwili. Akachukua mbegu moja, akaing'ata, akaitema.

"Hizi ni maiti," akasema.

"Zimekauka vizuri, mzee."

"Ndiyo. Maiti hukauka vizuri. Mbegu ya hindi hulala, mama, unaweza kuiweka ikasubiri mvua. Ya mvengi hailali. Inataka itoke mdomoni mwa ndege iangukie tope siku hiyohiyo. Wewe umeipeleka jikoni."

Nilibisha. Nikazipanda hivyohivyo, matuta mawili, nikayamwagilia kwa mkono ulioinuliwa kama nilivyofundishwa. Halikutoka jani. Na matunda huja mara moja kwa mwaka. Mwaka mzima wa Kidete niliuning'iniza juu ya mafiga yangu mwenyewe. Tangu hapo nilikwenda korongoni na ndoo yenye maji kidogo, tunda likiokotwa linaingia humo, na kabla jua halijazama mbegu iko ardhini. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama karatasi ya maelekezo inasema vingine.

Vyombo navyo nivitaje, maana mnavilalamikia sana. Mwanzoni hatukuwa na viriba, hivi vifuko vya plastiki vya miche. Tuliokota magamba ya mianzi, yale yanayodondoka kwenye mianzi ya pombe ya ulanzi, tukayakunja na kuyafunga kwa kamba za magome, tukajaza udongo. Vidole viliwasha mpaka usiku. Baadaye Bwana Miti, kijana msomi aliyesimamia mradi, akanituma Makambako nikatafute plastiki, kwa kuwa sasa kila kitu kilisemekana kipo. Nilipanda lori la mbao, nikashuka njiapanda nikiwa na vumbi la msumeno mpaka masikioni. Nikaelekezwa duka la Bwana Hemedi, mwenye asili ya Kondoa, ambaye aliuza kila kitu kuanzia misumari mpaka pipi.

"Karibu, mama yangu. Unataka vifuko vya barafu? Njombe na baridi yote ile, mnakula barafu?"

"Tunapandia miti."

"Ya mbao?"

"Ya maji."

Akacheka mpaka akaegemea mzani. "Maji hayapakiki kwenye lori, mama. Panda mbao." Lakini aliponifungia mzigo akaongeza bunda moja juu. "Hili ni langu. Siku hayo maji yakitoka nami niwe nimo."

Yalipotoka sikumpelekea habari. Nilipopita tena Makambako duka lilikuwa na mtu mwingine. Jambo dogo, lakini mzee hukaa na madogo.

Miche ilipofika urefu wa goti, tukaanza Kidete. Milingoti ikakatwa, ya Baba Festo ikiwa ya kwanza, kwa kuwa nilikataa kuwaambia watu wakate ya kwao huku ya kwangu imesimama. Baba Festo alikula akinipa mgongo kwa wiki nzima. Vinyungu vyote vya pale vikafungwa. Bonde likazungushiwa nguzo na seng'enge, na Bwana Miti akatafuta mlinzi. Akanichagua mimi, nadhani kwa sababu ya sura yangu.

Nikalinda. Vijana, mimi kazi nikipewa naifanya. Mwanamke nikimkuta ndani ya uzio namnyang'anya jembe, namwambia akalichukue kwa Bwana Miti. Hakuna aliyekwenda, kila mmoja aliona aibu, na majembe yakakaa stoo ya kitalu. Walipita kando yangu kanisani kama unapita upepo.

Siku moja nikamkuta wifi yangu Bertina, dada wa Baba Festo, ameinama kwenye matete.

"Wifi, nakata haya tu, ya mkeka," akasema. "Jembe nimekuja nalo la kuzibulia maji, tazama yalivyoziba."

"Hata jani, Bertina. Umesikia? Hata jani."

"Unanifukuza kwenye maji aliyoniogeshea mama?"

"Maji gani? Si mliyamaliza na viazi vyenu?"

Akasimama wima. "Tuliyamaliza. Na wewe miaka hiyo ulikuwa unakula viazi vya nani?"

Nikachukua jembe lake. Mtu asiye na jibu hutafuta kitu cha kushika.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya baridi, nilikuwa nakagua nguzo nikasikia sauti chini ya mivengi michanga. Ndogo, kama mtu anayenong'ona na mtoto. Nikapiga magoti, nikasogeza majani, nikayaona yanatoka. Nikageuka ili nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Wote nilikuwa nimewafukuza mimi. Mzee Aloisi alikwisharudi kwao Makete, na baadaye nikapata habari za kifo chake matanga yakiwa yameshaondolewa. Sijui kama aliwahi kuambiwa kwamba zile mbegu, za mwaka uliofuata, ziliota. Natamani ningemshika mkono, nimpeleke pale na koti lake, anitukane kidogo.

Wakati ule kijiji kilikuwa kimeshapata bomba, linaleta maji kutoka mlima wa mbali. Hakuna aliyehitaji tena kushuka Kidete. Watoto wakakua bila kuijua. Niliwahi kuwasikia wajukuu wa Bertina wakiambiana kwamba ndani ya seng'enge kuna chatu wa serikali. Nikaona heri, watakaa mbali. Mnaona ujinga huo? Tunda la mvengi lilianguka likaoza, na kizazi kizima hakikujua kwamba linaliwa.

Kisha moto. Ilikuwa Oktoba, saa za mchana, watu wanasafisha mashamba, na upepo ukauchukua moto wa mtu mmoja kutoka juu ya kilima. Nikauona moshi nikiwa kitaluni, nikakimbia na tawi bichi. Nilipofika, nyasi ndani ya uzio, ambazo kwa miaka hazikukatwa hata ukoka, zilikuwa zinalia kama mafuta ya kukaangia. Juu ya mteremko walisimama wanawake wanane au tisa na majembe yao mapya, wanatazama. Bertina alikuwa mbele.

"Njooni!" nikaita. "Njooni tukate njia ya moto!"

Hawakusogea. Bertina akajibu bila kupaza sauti, lakini nilimsikia: "Wifi, ulisema hata jani."

Nikapiga moto peke yangu mpaka nyusi zikaungua. Kipande cha chini, penye tope, ndicho kilichosalia. Nilipoinua macho tena, mteremko ulikuwa mtupu.

Niliwachukia mwezi mzima. Halafu mvua ikaja na kunionyesha jambo lililo baya kuliko moto. Mivengi ilichipua kwenye visiki, mti ule una shingo ngumu. Lakini katikati yake ardhi yote ikawa kijani, kijani laini kama zulia, nikafurahi mpaka nilipoinama. Ilikuwa miwati. Zamani palikuwa na shamba la miwati juu ya mteremko, la kuuza magome, na mbegu zake zilikuwa zimeshuka na maji zikajizika. Mbegu ya muwati huweza kukaa ardhini miaka na miaka, ngumu kama shanga, na moto ndio huiamsha. Mche wake ukiwa wa kiganja unang'oka kwa vidole viwili. Ukifika kiunoni unataka panga, na ukiukata hujafanya kitu, wenzake wako chini wanangoja. Nilijua kwamba mvua zile zikiisha kabla haijang'olewa, miwati itaifunika mivengi, itakunywa maji, na Kidete itanyamaza, safari hii moja kwa moja. Mimi sikuwa na umri wa kungoja nyingine.

Nikamwambia Bwana Miti.

"Nitaandika barua tupate vibarua," akasema.

"Jibu litakuja lini?"

"Mama, mradi wenyewe unafungwa mwaka huu, kitabaki kitalu tu. Sijui kama kuna wa kujibu."

Nikang'oa peke yangu. Nilianza kwenye jicho la maji, nikaenda nikizunguka. Wiki tatu nilitembea kwa magoti, na siku nilipofika nilipoanzia nikakuta mingine imeota. Nikakaa chini. Sikulia. Nilihesabu wanawake wa kijiji wenye mikono mizima, na kila mmoja niliyemkumbuka, nilikumbuka pia rangi ya mpini wa jembe lake.

Kesho yake nikafungua stoo, nikayafunga majembe yote kwa kamba, nikajitwika, nikaenda mpaka kwa Bertina. Walikuwa uani wanapukuchua mahindi, yeye na wenzake watano. Nikasema kamwene. Wakaitika, kwa kuwa salamu haikataliwi. Nikatua mzigo.

Bertina akalivuta la kwake, akaligeuza. "Mpini umeliwa na mchwa."

"Nitachonga mwingine."

"Na miaka yake?"

"Miaka siwezi kuichonga, wifi."

Mmoja akaguna. Mwingine, Mama Yustina, mwenye ulimi, akasema, "Askari amekuja kujisalimisha. Mpeni kigoda kabla hajabadili nia."

Nikakaa. Nikawaambia yote: mbegu zilizoamka, siku zilizobaki, barua isiyo na wa kuijibu. Nikawaambia nilikosa, na kwamba nililinda bonde dhidi ya watu waliolijua, nikaliachia moto usiojua chochote. Nikasema uzio nitauondoa mwenyewe, na matete yatakatwa, maji yatachotwa, matunda yataliwa, ila viazi visirudi mle.

"Bwana Miti amekubali?" Bertina akauliza.

"Amesema uzio ni mali ya mradi. Nimemwambia seng'enge ataikuta imekunjwa vizuri mlangoni kwake."

Wakacheka, nami nikaona mlango umefunguka kidogo. Lakini Bertina hakucheka. Aliendelea kupukuchua hindi lake mpaka likabaki gunzi.

"Wifi," akasema, "nyumba yako inakunywa maji ya wapi?"

Nikaokota punje zilizodondoka miguuni pangu.

"Ya bomba," akajibu mwenyewe. "Neema mkamwana wako napishana naye bombani kila asubuhi. Wajukuu wako ndio waliowafundisha wa kwangu habari za chatu. Unataka sisi tupige magoti kwa ajili ya maji ambayo wewe huyanywi? Siku nikiona ndoo za nyumba yako zinapanda kutoka Kidete, utaniona na mimi nashuka. Kabla ya hapo, asante kwa jembe."

Nilirudi nyumbani polepole. Maneno yale yalikuwa mepesi na yalinilemea kuliko majembe. Miaka yote ile nilikuwa nikiitamani Kidete ya mama zetu, maji na miti na yule ndege, na sikuwahi kujiuliza mbona katika kuitamani huko sikuona mahali pa mtu yeyote mwenye ndoo.

Nikawakuta wote uani, wanangoja ugali uive. Baba Festo kwenye kigoda chake, Festo ananoa panga, Neema na sufuria, watoto watatu wanagombania kiti. Nikasimama mbele ya moto, sikuketi.

"Kuanzia kesho," nikasema, "hakuna ndoo ya nyumba hii itakayokwenda bombani."

"Mama, bomba liko hapo tu, na Kidete ni mteremko," Neema akasema.

"Bibi, kule kuna chatu!"

"Mimi na mgongo huu?" akauliza Baba Festo.

"Wewe na mgongo huo. Chukua kidumu kidogo. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga, yote yatoke Kidete, na kila anayeshuka ang'oe miwati kwanza, ndipo achote. Mimi nitasimama hapa mlangoni. Atakayerudi na ndoo imejaa na mikono misafi, atayamwaga maji hayo kwenye mboga, ageuke, ashuke tena."